Laki nne na nusu za ziada kwenye pikipiki: zinalipia nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Njombe, nimeuza parachichi na sasa nataka pikipiki mpya ya cc 150, ya kazi. Asubuhi nabeba abiria, mchana nashusha viazi kutoka shambani. Dukani wamenionyesha mbili, jina moja na injini moja. Ya kwanza ni ya kiki tu, rimu za spoku, breki za dramu mbele na nyuma. Ya pili ina stata, rimu za alumini, diski mbele, dashibodi ya kidijitali, alamu ya remoti na sehemu ya kuchajia simu, na imezidi kwa shilingi 450,000. Kijiweni wamegawanyika: wapo wanaosema ya pili ni urembo mtupu, wapo wanaosema nikichukua ya kwanza nitajuta. Nimeona pia video ya pikipiki hiyohiyo ikiwa na ABS, ile breki isiyofunga tairi. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba. Hao wa kijiweni wanabishana kwa sababu wanaviweka vitu sita kwenye kapu moja. Vichambue kimoja kimoja, na kila kimoja ukiulize hivi: nikikikosa leo, naweza kukifunga mwakani?

Alamu, chaja ya simu, bampa na keria fundi umeme au mchomeleaji wa hapo mjini atakufungia siku yoyote. Stata ni habari nyingine. Pikipiki iliyotoka kiwandani na kiki tu, mara nyingi krankesi yake (ganda la chini la injini) haina mahali pa kukalia mota, wala ndani hakuna ile gia na klachi ya njia moja inayozungusha krenki. Koili yake ya kuchaji huwa ndogo, na betri vilevile. Kuibadilisha ni kufungua injini, na ukimaliza kujumlisha spea na ufundi utakuta umeipita ile tofauti ya dukani. Diski nayo ni hivyohivyo: shokapu ya mbele ya pikipiki ya dramu haina masikio ya kufungia kalipa (kile kinachobana diski kwa pedi), na habu yake, kitovu cha gurudumu, haina sehemu ya kufungia sahani ya diski. Utabadilisha karibu mguu mzima wa mbele.

Kwa hiyo pesa yako ielekee kwenye hivyo viwili kwanza, na mimi naanza na breki.

Wewe unashuka milima ukiwa na gunia nyuma. Unaposhika breki, uzito huegemea mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Madereva wengi wamezoea kukanyaga ya nyuma peke yake, mteremko mzima, mpaka dramu inapata moto na pedeli inabaki inazama bila kushika. Diski ikikaa wazi upepo unaipoza, na ukivuka kijito inajikausha baada ya kushika mara moja mbili. Dramu ikiingia maji inateleza kwa muda, na tope likishaingia halitoki. Linabaki ndani likisaga shuu na uso wa dramu mpaka uifungue.

Ila diski ina masharti yake, na hapa ndipo naogopa kukuruhusu tu uende. Inatumia mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chake pale kwenye usukani. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi hata kama hayajapungua. Usikubali fundi ayaongeze kwa oili ya injini au haidroliki kwa sababu "yote ni mafuta". Raba za ndani zitavimba, breki itaanza kubana yenyewe, na utanunua pampu mpya. Halafu kwenye udongo wenye utelezi diski inafunga tairi haraka kuliko dramu, kwa hiyo shika kwa vidole viwili, taratibu, na ujifunze mahali pakavu kabla ya kumpakia mtu.

Stata ndiyo inayofuata. Kwa dereva wa abiria anayezima na kuwasha siku nzima, mguu wako utaishukuru, na ikikuzimikia katikati ya mlima na mzigo nyuma utaelewa kwa nini naipigia debe. Lakini sharti langu ni moja: iwe na kiki pia. Juni na Julai asubuhi zenu huko ni baridi kali. Oili inakuwa nzito na betri inadhoofika wakati uleule, na mota ya stata inataka makumi ya ampia kwa mkupuo. Betri ikikataa, kiki ndiyo inayokupeleka kazini. Muulize muuzaji kama mfumo wa kuwasha unategemea betri au unapata umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye koili. Kuna pikipiki ambazo betri ikifa kabisa, hata upige kiki mpaka jioni haziwaki. (Usijaribu kulithibitisha hilo kwa kuchomoa betri injini ikiwa inanguruma. Umeme unaweza kupanda ukaunguza taa na CDI, kile kiboksi kinachotoa cheche za plagi, na hapo dukani watakuuzia hasara hiyo.)

Rimu ndizo zinazodanganya watu zaidi. Alumini inapendeza, haihitaji kukazwa, na kwenye lami ni tulivu. Kwenye barabara za mashimo, ukiwa na gunia, ikigonga jiwe kwa nguvu inapasuka au inavunjika ukingo. Mimi siruhusu rimu ya alumini iliyochomelewa ibebe abiria. Ya spoku inapinda kidogo, na fundi wa kijijini anaweza kuinyoosha na kubadilisha spoku chache, ukaendelea na safari. Kila wiki zigonge kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Tena usidhani kila rimu ya alumini haina tyubu. Tazama kama neno TUBELESS limeandikwa kwenye tairi na kwenye rimu yenyewe. Nyingi zinazouzwa huku ni za tyubu kama za spoku, kwa hiyo pancha ni ileile.

Dashibodi ya kidijitali sina ugomvi nayo, lakini ikiingia maji hubadilishwa yote, wakati ya mshale hubadilishwa kebo.

Alamu nayo ifanyie hesabu. Tuseme inavuta miliampia 20 wakati pikipiki imelala. Kwa saa 24 hiyo ni karibu nusu ya ampia-saa. Betri ya ampia-saa 5 ikikaa siku kumi bila kuwashwa imekauka. Ukiendesha kila siku huoni tatizo. Ukiugua wiki mbili, unalikuta. Kwa wizi wa huku kwetu mnyororo mzito na kufuli vinafanya kazi kubwa kuliko kelele.

Wanaokwambia pikipiki tupu inadumu hawajakosea, ila wanazungumzia injini. Honda walipoitoa CG125 miaka ya 1970 waliacha cheni ya kuzungusha kamshafti (shafti inayofungua vali) wakarudi kwenye pushirodi, vijiti vya kusukumia vali, kwa kuwa walijua kwenye nchi kama zetu oili haibadilishwi kwa wakati, na wakataka injini inayovumilia. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani zimenakili muundo huo. Lakini hizo mbili ulizoonyeshwa zina injini moja, kabureta moja, gia zilezile. Uimara wa injini hauingii kwenye hiyo 450,000 hata kidogo.

Kuhusu ile video: uliyoiona ni ya soko la India. Kule tangu Aprili 2019 sheria inadai ABS kwa pikipiki mpya zinazozidi cc 125, na breki zilizounganishwa (ukishika moja na nyingine inashika) kwa zile za cc 125 kushuka chini. Tangu Aprili 2020 kanuni za moshi zimezisukuma nyingi kwenda kwenye mfumo wa kielektroniki wa kuingiza mafuta badala ya kabureta. Zinazoletwa kwetu mara nyingi hubeba jina lilelile bila vitu hivyo. Usilipie kitu ulichokiona kwenye simu. Lipia ulichokigusa dukani. Kwa kazi yako kabureta haina ubaya, kila fundi ana jeti zake, vile vitundu vya kupitishia petroli.

Sasa jibu. Kabla ya kuchagua kati ya hizo mbili, uliza kama ipo ya katikati: stata pamoja na kiki, diski mbele, rimu za spoku, dashibodi ya mshale. Kwa baadhi ya majina hutengenezwa, ila duka huweka mbele zile zinazong'aa. Ukiipata, hiyo ndiyo yako, na pesa itakayobaki nunua helmeti mbili nzuri, yako na ya abiria.

Isipopatikana, chukua ya pili, kwa ajili ya diski na stata. Rimu zake ukizichoka utatafuta habu na rimu za spoku zinazolingana nayo, kwa kuwa hilo linawezekana. Ila kabla hujalipa, nenda kwa wauza spea wa hapo Njombe mjini uulizie pedi za diski, sili za kalipa na mota ya stata ya modeli hiyohiyo. Wakikwambia waagize Dar kila kitu, rudi dukani uchukue ya kiki na dramu, na mteremkoni shuka kwa gia ya pili.