Maswali na majibu: Kabla hujamkabidhi msanifu kazi ya nembo, lebo au kanga

Maswali ya safari hii yanahusu jambo moja: hati ya maelekezo ambayo mteja humwandikia msanifu wa michoro kabla ya kazi kuanza.

Nauza asali na ninataka lebo yenye picha ya nyuki. Kazi yenyewe ni ndogo. Kwa nini msanifu anadai maelezo ya maandishi? (Mjasiriamali, Tabora)

Kwa sababu picha ya nyuki ndilo jambo la mwisho kuamuliwa, na pengine halihitajiki kabisa, maana rafu za asali zimekwisha kujaa nyuki. Yapo mambo ambayo msanifu, hata awe hodari vipi, hawezi kuyabuni, kwa kuwa wewe peke yako ndiye unayeyajua. Anza na chupa: taja ujazo wake, kisha pima kwa futi ya fundi cherehani mzunguko wake na kimo cha ile sehemu iliyonyooka, ambayo lebo italala bila kukunjamana. Halafu andika maneno yote yatakayochapwa, kama yatakavyosomeka: jina la bidhaa, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe ya kufungashwa na ya mwisho wa matumizi. Ikiwa tarehe hizo utazigonga kwa mhuri baadaye, sema hivyo, ili iachwe nafasi isiyo na rangi wala plastiki ya kung'arisha, ambapo wino utashika. Alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) huwekwa na aliyepewa leseni ya kuitumia. Usiagize iwekwe kwa matumaini kwamba leseni itakuja.

Ukilenga supamaketi utahitaji barkodi, na zile zinazotolewa na GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba za barkodi nchini, huanza na 620. Ukubwa wake wa kawaida ni takriban milimita 37 kwa 26, na haupunguzwi chini ya asilimia 80, kwa hiyo kwenye kichupa cha gramu 250 itakula nafasi usiyoitarajia. Msanifu asiyeambiwa mapema ataipachika mwishoni, juu ya mchoro ambao wewe umekwisha kuupenda. Eleza pia asali itauzwa wapi, kwa maana abiria anayenunua kupitia dirisha la basi hana muda wa kusoma herufi ndogo.

Hati hiyo iwe na urefu gani? (Msomaji, Iringa)

Kurasa mbili zinatosha kwa nembo au lebo. Ukifika ukurasa wa tano, huenda umeanza kumchorea.

Kikundi chetu cha kina mama kinatimiza miaka 20 na tunataka kanga yetu wenyewe. Tumweleze nini msanifu? (Katibu wa kikundi, Tanga)

Anzeni na jina, yaani maneno yatakayoandikwa kwenye kanga. Vikundi vingi hubishana kwa wiki nzima juu ya ua litakalokaa mjini, yaani sehemu ya katikati ya kanga, na rangi ya pindo, kisha maneno yakatafutwa siku ya mwisho, ilhali urefu wa jina ndio unaoamua ukubwa wa herufi. Likubaliwe kwanza, lisomwe na mtu mwingine mwenye jicho kali la tahajia, ndipo liingizwe katika hati kama litakavyochapwa.

Pili, kabla ya kumwendea msanifu, mwendeeni mchapaji wa vitambaa mkamwulize anachapa rangi ngapi, kipande chake kina vipimo gani, na anapokea oda ya doti ngapi kwenda juu. Katika uchapaji wa skrini, ambapo wino hupitishwa kwenye wavu, kila rangi ina skrini yake, hivyo kila rangi mnayoongeza ni gharama, na mchoro wa kompyuta wenye rangi zinazofifia polepole kutoka nyekundu hadi njano unaweza kupendeza kwenye simu na kumshinda mchapaji. Na ikiwa mnataka nembo ya kikundi katikati ya mji, fikirini kwanza itaangukia wapi mwilini mwa mvaaji. Mama mkwe atakuwapo kwenye sherehe.

Tatu, chagueni watu watatu wa kuidhinisha, mwandike majina yao katika hati, na mmoja wao awe ndiye pekee anayewasiliana na msanifu. Kazi inayopokea maoni ya wanachama wote kupitia kundi la WhatsApp haimaliziki, na mara nyingi hutoka mbaya kuliko mchoro wa kwanza.

Nikitaja bajeti yangu, je, hatapandisha bei hadi ifikie hapo? (Mwenye mgahawa, Nairobi)

Wapo watakaofanya hivyo. Hata hivyo, kuificha humlazimu msanifu kukisia, na akikosea nyote mnapoteza muda. Taja kiwango cha chini na cha juu, na utenganishe ada ya usanifu na gharama za uchapaji na upigaji picha. Jambo linaloleta ugomvi zaidi ni marekebisho. Andika idadi yake, kwa mfano michoro miwili ya awali na marekebisho ya mara tatu, na ufafanue kwamba kubadilisha rangi ni marekebisho, lakini kubadilisha jina la mgahawa ni kazi mpya inayolipiwa upya.

Nimeona mtandaoni nembo ya kampuni ya nje. Naweza kuagiza kama ile? (Msomaji, Dodoma)

Itume kama mfano, pamoja na sentensi inayosema hasa kilichokuvutia, iwe ni uchache wa mistari au umbo la herufi. Ongeza na nembo mbili usizozipenda. Kuagiza nakala ni hatari, kwa kuwa Tanzania imo katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki tangu 1994, na ombi la kusajili alama inayofanana na iliyokwisha kusajiliwa linaweza kukataliwa. Kwa Tanzania Bara alama za biashara husajiliwa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), kwanza kwa miaka 7, kisha usajili huhuishwa kila baada ya miaka 10. Fanya upekuzi wa jina kabla ya kuajiri msanifu.

Msanifu wa awali alinitumia nembo kwa WhatsApp na mchapaji ameikataa. Safari hii niandike nini? (Mwenye duka la dawa, Mwanza)

WhatsApp hubana picha, na picha iliyobanwa ikikuzwa kuwa bango huonyesha vijiraba. Orodhesha mafaili utakayokabidhiwa: faili la asili la vekta (la aina ya AI, SVG au PDF), ambalo hukuzwa bila kuharibika, PNG isiyo na mandharinyuma kwa mitandao ya kijamii, na toleo la rangi moja kwa ajili ya mhuri na risiti. Kwa kazi za karatasi taja rangi za CMYK (mfumo wa rangi nne za wino wa uchapaji), picha za nukta 300 kwa inchi, na ukingo wa ziada wa milimita 3 unaokatwa kila upande. Andika pia kwamba haki za kutumia mchoro zitakuwa zako baada ya malipo ya mwisho, na kwamba malipo hayo yatatolewa mchapaji akishayafungua mafaili na kuthibitisha kuwa yanafaa.