Saplai cheni ni msururu au mnyororo? Na akili mnemba "inatabiri" kweli?

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Niko kitengo cha manunuzi, juzi bosi kaniambia niandike ripoti fupi kuhusu AI inavyobadilisha saplai cheni, nikaandika 'Akili mnemba inatabiri mahitaji ya wateja na kurahisisha msururu wa usambazaji.' Kanirudishia na wino mwekundu. Msururu wa usambazaji kakata, juu yake kaandika mnyororo wa ugavi, halafu neno inatabiri kalizungushia duara bila maelezo yoyote. Mi naona ni yaleyale tu. Nani yuko sawa hapo?"

Marahaba. Bosi wako yuko sawa, ila angekueleza na sababu manake wino mwekundu peke yake haujawahi kumfundisha mtu kitu.

Tuanze na msururu. Msururu ni vitu vinavyofuatana, watu kwenye foleni, magari barabarani. Mmoja akichomoka wengine wanasogea mbele, tena wanafurahi. Mnyororo hauko hivyo, kila pete imeishika mwenzake na ikikatika moja huna tena mnyororo, una vipande viwili. Na biashara hii ndo ilivyo, kumbuka tarehe 23 Machi 2021 meli moja tu, Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilivyokwama kwenye mfereji wa Suez ikaziba njia siku sita, mamia ya meli nyingine zikabaki zinasubiri na watu ambao mzigo wao haukuwa hata ndani ya hiyo meli wakacheleweshewa. Huo sio msururu.

Usambazaji nao ni neno zuri ila ni fupi kwa kazi uliyolipangia. Kitu kinasambaa, wewe unakisambaza, kwahiyo lazima kiwe kipo tayari ndo ukisambaze. Hapo unaongelea kipande cha mwisho tu, kutoka bohari kwenda kwa wauzaji. Saplai cheni inaanza mbali huko, kwenye malighafi, kwa saplaya wa saplaya wako, inapita kiwandani, kwenye kontena, mpaka na mzigo unaorudishwa na mteja. Ugavi unabeba yote hayo kwa sababu wachumi walishalizoea kwa maana pana, ndo maana tunasema "ugavi na mahitaji" na hakuna anayeshangaa. Kuna mtu aliwahi kunibishia kwamba ugavi ni kosa, eti ilitakiwa iwe ugawi maana inatoka kwenye kugawa. Sio kosa. Anayelewa anaitwa mlevi, hatusemi mlewi, ni i ile ya mwisho inayoibadilisha konsonanti inayoitangulia, na hiyohiyo ndo imetupa mpishi kutoka kupika, mfuasi kutoka kufuata na mpenzi kutoka kupenda.

Sasa hilo duara.

Kutabiri sio kosa la sarufi, niseme mapema. Tumelitoa kwenye Kiarabu na kazi yake ya zamani ni kufasiri ndoto. Ukitaka picha kamili mkumbuke nabii Yusufu na ile ndoto ya ng'ombe saba wanono na saba waliokonda, akasema miaka saba ya neema halafu saba ya njaa, wekeni nafaka ghalani. Ukiangalia vizuri hiyo ni kazi ya ugavi kabisa, mahitaji yamejulikana mapema na stoku imewekwa! Lakini angalia alivyosema. Alisema saba. Hakusema "kati ya mitano na tisa, uwezekano mkubwa ukiwa saba." Mtabiri anasema jambo moja na linakuwa.

Mashine haifanyi hivyo. Inalishwa mauzo ya nyuma, misimu, sikukuu, bei, hali ya hewa, inatafuta mifumo humo ndani, halafu kwa kawaida inakupa kiwango chenye juu na chini, tuseme wiki ijayo zitatoka katoni kati ya 900 na 1,100, na wewe ndo unaamua uweke akiba kiasi gani kulingana na hasara ipi inauma zaidi, ya kuishiwa au ya mzigo kulala. Kazi hiyo Kiswahili kina neno lake zamani sana: kukadiria. Ndani yake kuna kadiri, yani kipimo, kiasi. Na anayekadiria unaweza kumuuliza umekadiria kwa kutumia nini, wakati mtabiri hana cha kukujibu zaidi ya kwamba ameona.

Tofauti hiyo sio ya kwenye kamusi tu. Mwaka 2020 korona ilipoingia, mifumo mingi ya makadirio ilipotea njia kwa sababu data iliyojifunzia ilikuwa ya dunia nyingine, ghafla watu wananunua toileti pepa na vitakasa mikono kama wanahama mji, na vitu vya safari na ofisini haviguswi. Ukiwa umeandika "utabiri" bosi anasoma kwamba mashine imedanganya. Ukiandika "makadirio" anauliza yametoka kwenye data ipi, na hilo ndo swali lenyewe.

Najua utasema mbona tunasema utabiri wa hali ya hewa. Tunasema, na mimi nasema, mazoea yalishashinda hapo na sina nia ya kupigana nayo. Kubashiri je? Usithubutu, sa hivi neno hilo linanuka mkeka, ukiandika "AI inabashiri" mtu wa fedha atadhani kampuni imeanza kubeti.

Ila kuna neno ambalo bosi wako hakulizungushia duara na mimi ningelizungushia mawili: mahitaji. Una uhakika mashine yenu inayaona mahitaji? Mara nyingi inaona mauzo, au inaona oda, na hivyo ni vitu vitatu tofauti. Rafu ikiwa tupu wiki nzima mauzo ni sifuri lakini mahitaji yapo palepale, watu wamekuja wamekosa wameondoka, na mfumo uliojifunza mauzo peke yake utahitimisha kwamba bidhaa hiyo haitakiwi, utapunguza oda, na rafu itazidi kuwa tupu. Oda nazo zinadanganya kwa upande wa pili. Procter & Gamble walishakutana na jambo hilo kwenye nepi zao za Pampers, madukani zilikuwa zinauzika kwa kiasi kinacholingana tu maana mtoto hawezi kuamua mwezi huu anatumia nepi mara tatu, lakini oda za wasambazaji zilikuwa zinapanda na kushuka vibaya, na oda za kampuni yenyewe kwa saplaya wake ndo zilizidi. Kila mmoja anaongeza kidogo cha kujihami na kinachofika mwisho ni kama ncha ya mjeledi, mkono umetikisika kidogo tu huku kule inalia paa. Kwahiyo kama AI yenu inasoma oda, andika oda. Ikisoma mauzo ya dukani moja kwa moja sawa, hapo umeyakaribia mahitaji.

Kurahisisha nako kunaniletea shida. Rahisi kwetu ni nyepesi na pia ni ya bei ndogo, msomaji achukue ipi? Taja kitendo chenyewe. Kampuni ya kusafirisha vifurushi ya UPS ina mfumo unaoitwa ORION, huo unampangia dereva njia, basi unafupisha safari (wengine watakubishia kwamba hiyo sio AI, ni hesabu tu, waache wabishane). Zile roboti Amazon walizozipata walipoinunua Kiva Systems mwaka 2012 zinamletea mfanyakazi rafu alipo, basi zinampunguzia kutembea. Ukitaja kitendo, ile kurahisisha huihitaji tena.

Kuhusu akili mnemba, akili bandia au akili unde, chagua moja ubaki nayo mpaka mwisho wa ripoti. Mimi unde linanivutia kwa lilivyoundwa, kuunda likaishia na e kama kuumba lilivyotupa kiumbe na kutuma likatupa mtume, yani akili iliyoundwa na mtu. Ila mnemba yako sina neno nayo. Na uendelee na "inabadilisha" hivyohivyo, sio "anabadilisha" kama naona wengi wanavyoandika siku hizi kama vile AI ni jirani yao.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Akili mnemba inakadiria mahitaji kutokana na mauzo ya nyuma na inapunguza mzigo unaolala bohari katika mnyororo wetu wa ugavi." Kama kweli inaupunguza lakini, hilo muulize mtu wa stoo kabla hujamrudishia bosi.