Bega la mama baada ya kiharusi

Dada wa Mumias, umeuliza mbona bega la mama linauma tangu apate kiharusi, na fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) hospitalini ni mara moja tu kwa wiki. Pole sana. Kwanza, acheni kabisa kumvuta kwa mkono huo mnapomwinua. Misuli imelegea, kwa hiyo mfupa wa mkono hushuka kidogo kutoka kwenye tundu la bega. Mshikeni kiunoni.

Akikaa, mkono ulale juu ya mto. Akilala, mgeuzeni kila baada ya saa 2. Asubuhi na jioni uinueni mkono huo taratibu hadi usawa wa bega, mara 10, kidole gumba kikielekea juu. Pakiuma, komeni hapo. Kumkanda kwa nguvu, hapana.

Siku ya kliniki aende yule anayemhudumia nyumbani, afanye mazoezi hayo mwenyewe mtaalamu akimtazama.