Bei mbili: barua kwa mwanangu aliye Köln

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nakuru. Sisi hatujambo, na mvua imeanza kunyesha upande wa Bahati. Barua yako nimeisoma mara mbili pamoja na rasimu ya mkataba uliyoniambatishia. Umeniuliza mambo mawili: kama umkubalie muuzaji wa ile fleti anayetaka mkataba uandikwe yuro 220,000 kisha umpe nyingine 20,000 za noti mkononi, na kama binamu yako anayesafiri mwezi ujao anaweza kukubebea zile fedha za ploti tuliyouza. Kwa yote mawili jibu langu ni hapana, lakini wewe ni mtu mzima na hustahili kupewa hapana tupu.

Nimekuwa karani katika ofisi za mawakili wa mji huu kwa muda mrefu kuliko umri wako, na kila nilipoona bei mbili katika biashara moja nilichukua kalamu kuhesabu ni nani anayefaidika. Ushuru wa kununua nyumba katika jimbo lenu ni asilimia 6.5, kwa hiyo kuficha yuro 20,000 kunakuokolea yuro 1,300 tu za ushuru huo. Muuzaji ndiye mwenye haja, kwa sababu huko mtu aliyenunua nyumba ya kupangisha akiiuza kabla ya miaka 10 kwisha hutozwa kodi ya mapato kwa faida aliyoipata. Mwulize kwa upole alinunua mwaka gani. Na usisahau kwamba ukija kuiuza wewe, karatasi zitasema uliinunua kwa 220,000, na zile 20,000 zitahesabiwa kuwa faida yako.

Sasa sikiliza hatari yenyewe. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 sheria ya Ujerumani hairuhusu bei ya nyumba au ardhi kulipwa kwa fedha taslimu, wala kwa dhahabu, wala kwa hizo sarafu za mtandaoni. Notari, yaani yule mwanasheria anayesimama kati ya muuzaji na mnunuzi bila kuwa wa upande wowote, lazima aonyeshwe uthibitisho kwamba bei ililipwa kwa njia inayokubalika kabla hajaomba jina lako liandikishwe katika rejista ya ardhi. Noti utakazompa mtu mkononi sheria haizitambui kuwa malipo ya nyumba hiyo. Zaidi ya hapo, mkataba wenye bei ya uongo ni batili kwao: ule ulioandikwa hamkuukusudia, na ule mliokusudia haukuandikwa mbele ya notari. Kinachouponya ni kuandikishwa kwako kuwa mwenye nyumba, jambo ambalo huja mwisho kabisa, na hata kumbukumbu ile inayotiwa katika rejista mapema ili muuzaji asimwuzie mwingine hutegemea mkataba halali. Akibadili nia katika kipindi hicho, utamdai 20,000 zako kwa karatasi gani? Na hata mambo yakienda sawa, kudanganya kuhusu kodi kunabaki kuwa kosa la jinai, nawe ni mgeni mwenye kibali cha kazi.

Mimi nilishafanya ujinga huu, na nilikuwa karani, sina udhuru. Ile ploti ya Bahati niliinunua kwa shilingi 180,000, tukaandika 100,000 ili kupunguza ushuru wa stempu, na 80,000 nilimkabidhi mzee katika bahasha ya kaki ndani ya hoteli ya chai karibu na stendi, hatukuandikiana hata stakabadhi. Mzee akafariki kabla hatujafika mbele ya Bodi ya Ardhi kuomba idhini ya mauzo. Wanawe hawakuwa wezi. Baba yao alikuwa amewaambia kwamba bei ni 180,000, wakaona mkatabani 100,000, wakanijia kwa heshima zote kudai iliyobaki. Nililipa 80,000 mara ya pili kwa mkopo wa Sacco. Mama yako aliambiwa kwamba mkopo ule ulikuwa wa mabati, kwa hiyo ukija likizo usiiache barua hii mezani.

Kuhusu binamu yako, anayeingia nchi za Umoja wa Ulaya na yuro 10,000 au zaidi lazima azitangaze kwa forodha, na hapa Kenya pia anayetoka na zaidi ya dola 10,000 lazima aseme. Kutangaza si kosa wala hakutozwi kodi, lakini yeye ataulizwa fedha ni za nani na zimetoka wapi, naye ataanza kubabaika kama unavyomjua. Wazo lako la kuzigawa kati yake na mkewe ili kila mmoja abaki chini ya kiwango ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu hugeuza fedha safi kuwa na sura ya fedha chafu. Tena zikifika, benki za huko hudai ushahidi wa chanzo kwa yeyote anayeweka taslimu zaidi ya yuro 10,000, na ushahidi huo ni karatasi zile zile ambazo benki ya hapa itataka ili izitume moja kwa moja. Ada itakatwa, na kiwango cha kubadilishia fedha hakitakupendeza, lakini zitafika zikiwa na jina lako na tarehe.

Kwa hiyo mwambie muuzaji kwamba zote 240,000 ziandikwe, na usilipe hata yuro moja ya bei kabla notari hajakuandikia kwamba wakati wa kulipa umefika. Akikataa, fleti nyingine zipo. Jumatatu nitakwenda kwa wakili kuchukua nakala za mkataba wa ploti, stakabadhi ya stempu na ya kodi ya faida, nizipeleke benki. Nitumie namba ya akaunti yako katika barua iliyotolewa na benki yenyewe, si picha ya simu, maana mara ya mwisho tarakimu mbili hazikusomeka.

Wako,
Baba