Betri ya Hilux: nifunge mwenyewe au nimwachie fundi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina pikapu Hilux ya dizeli, injini 3L, nabebea viazi na mbao huku Makambako. Sasa mwezi wa sita huu baridi imekaza, asubuhi nikipiga swichi inafanya ng'e… ng'e… ng'e… alafu kimya, mpaka vijana waisukume. Mchana inawaka vizuri tu. Fundi wa hapa anasema betri imekufa ninunue mpya, na kuifunga anadai hela ambayo naona ni nyingi kwa kufungua nati mbili. Naweza kufunga mwenyewe nyumbani? Na jirani ananishauri nitoe hii betri ya saizi ya N70 niweke kubwa zaidi, N100, isinisumbue tena. Msomaji, Makambako.

JIBU: Unaweza kabisa kaka, ni kazi ya nusu saa, spana namba 10 na labda namba 12 basi. Ila kabla hujatoa hela dukani jiridhishe kwanza kama kweli betri ndo mgonjwa, maana nimeona watu wamebadilisha betri mbili tatu mfululizo kumbe altaneta (ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka) haichaji, betri mpya inakaa wiki mbili unarudi palepale unaanza kugombana na mwenye duka.

Tafuta mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei chee. Gari ikiwa imelala usiku kucha, asubuhi kabla hujagusa swichi pima juu ya vichwa vya betri. Iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ukikuta 12.2 ipo nusu, chini ya 12 haina kitu. Alafu mtu apige stata wewe umeshikilia mita, namba itashuka, hiyo kawaida, ila ikidondoka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa basi imechoka kwa ndani. Gari ikishawaka pima tena, inatakiwa ipande mpaka kati ya 13.8 na 14.5, isipopanda imebaki kwenye 12 na kitu usinunue betri, angalia mkanda wa altaneta na altaneta yenyewe.

Kwa dalili zako mi nahisi kweli ni betri. Baridi inapunguza nguvu yake, oili nayo inakuwa nzito kama uji uliolala, na dizeli ya 3L inabana sana kwahiyo stata inakula mamia ya ampia kuizungusha. Na huo mlio wa ng'e ng'e unasema kitu, maana ingekuwa plagi za kupasha moto ndo zimekufa stata ingezunguka kwa kasi zake ila injini isishike. Hata hivyo kuna kitu cha bure ufanye kwanza, angalia vichwa vya betri. Ukikuta ule unga mweupe wenye ukijani umeota pale, umeme haupiti vizuri hata betri iwe mpya kutoka kiwandani. Mwagia maji ya moto yenye magadi soda, utaona inachemka povu, sugua na brashi ya waya, kausha, kaza, alafu jaribu. Kuna watu kesi yao imeishia hapo na hela imebaki mfukoni.

Habari ya N100 achana nayo. N70 ina urefu wa kama sentimita 31, N100 ni kama 41, haikai kwenye kile kitako chake, utaanza kuifunga kwa mpira wa tairi na barabara za huko shamba itacheza mpaka ipasuke au kichwa cha chanya, kile chenye alama ya kujumlisha, kiguse boneti. Chukua saizi ileile iliyopo. Na soma herufi ya mwisho kwenye stika, kwa mfano 75D31R, hiyo R au L inaonyesha chanya imekaa upande gani, ukichukua tofauti utafika nyumbani ukute waya hazifiki. Pia ukiuziwa ile ya kujazia tindikali palepale dukani usikubali wakupe ukimbie nayo, ikishajazwa ikae angalau nusu saa, tena bora uichaji kidogo kabla ya kuifunga. (Na hii tunayoita betri kavu sio kavu, tindikali imo ndani vilevile, ni kwamba tu huongezi maji.)

Sasa kufungua. Zima kila kitu, toa funguo, vua pete na saa ya chuma. Anza na HASI, yaani ile nyeusi yenye alama ya kutoa. Hapa ndo watu wanakosea kaka, bodi lote la gari ni hasi, sasa ukianza na chanya spana ikagusa bodi wakati hasi bado imefungwa umeshaunganisha betri nzima kupitia mkononi mwako. Mimi nikiwa kijana gereji nilifanya hivyohivyo, spana ikanasa pale kati ya kichwa na ukuta wa boneti, ikawa nyekundu kama kaa la jiko, boss wangu akaipiga teke ndo ikaachia. Ile spana bado ninayo, mdomo umelika upande mmoja kama umetafunwa na panya. Ukishatoa hasi ikunje mbali isirudi yenyewe, ndo utoe chanya, alafu fungua kile chuma kinachoikandamiza.

Inyanyue kwa miguu sio kwa mgongo, ina kama kilo 20. Usiilaze. Sigara weka mbali maana betri inayochaji inatoa gesi inayolipuka. Tindikali ikikurukia osha na maji mengi hapohapo, ikiingia jichoni osha kwa dakika 15 au zaidi alafu nenda hospitali.

Kufunga ni kinyume chake, chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza mpaka kichwa kisizunguke ukikishika kwa mkono, ila usitumie nguvu za kufungulia nati za tairi maana ni madini ya risasi, laini ile inapasuka. Pakaa grisi kidogo juu. Kile chuma cha kukandamiza usikiache nje eti kazi imeisha. Saa ya redio itarudi sifuri, na kwa 3L hiyo ya pampu ya kawaida sioni kingine cha kukusumbua.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mume wangu ana betri tatu za zamani uani, zote amezipandisha juu ya ubao anasema zikigusa simiti zitakufa. Watoto wanacheza hapo hapo. Niziache? Mama, Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam dada. Hiyo ya simiti ilikuwa na ukweli zamani betri zikiwa na kasha la mbao au mpira, hizi za plastiki hata uziweke juu ya godoro zitakufa tu zisipochajiwa. Ubao sio shida, shida ni watoto. Ndani mna madini ya risasi ambayo ni sumu, na hapo Mombasa mnaijua habari ya mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliacha risasi kwenye damu za watoto, mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Zitoeni uani leo, zisimame wima mahali pa kufungwa, alafu mzee azipeleke duka la betri, wengi wanakupunguzia bei ya mpya ukirudisha ya zamani. Yule wa vyuma chakavu anayepasua na shoka na kumwaga tindikali mtaroni msimpe hata akiongeza bei.

SWALI: Nimegeuza waya za betri kwa bahati mbaya, ikapiga cheche mara moja na sasa gari kimya kabisa hata taa hakuna. Nimeua gari? Kijana, Morogoro.

JIBU: Tulia. Toa waya zote mbili, angalia fyuzi kubwa karibu na betri, mara nyingi ndo imejitoa mhanga. Weka ya ampia zilezile, usifunge waya wa shaba. Ikiwaka pima ile 13.8, isipofika mwambie fundi umeme acheki dayodi za altaneta.