Kuminya chupa hakuokoi gesi ya soda

Ndugu, umeuliza kwa nini soda ya lita 2 inakosa gesi kesho yake ingawa unaminya chupa kutoa hewa kabla ya kuifunga. Tatizo ni huko kuminya. Gesi ya soda ni hewa ukaa, nayo hubaki kwenye kinywaji pale tu hewa ukaa iliyo juu yake inapokuwa na mgandamizo wa kutosha. Chupa uliyoiminya hutaka kurudia umbo lake. Ikitanuka, gesi hutoka kwenye soda kujaza nafasi hiyo. Vipampu vya kujaza upepo navyo ni bure: hewa ya kawaida ina hewa ukaa kidogo mno, hivyo chupa inakuwa ngumu lakini soda inazidi kupoteza gesi.

Kinachosaidia hasa ni baridi. Hewa ukaa tupu ikiwa juu yake kwa mgandamizo wa kawaida, lita 1 ya maji hushika takriban gramu 3.3 za hewa ukaa kwenye nyuzijoto 0, lakini kama gramu 1.5 tu kwenye 25. Basi poza soda kabla ya kuifungua, si baada. Mimina, kisha kaza kizibo papo hapo.

Ikibaki nusu, ihamishie kwenye chupa mbili za plastiki za soda za mililita 500, nazo ziwe baridi. Inamisha chupa, mimina taratibu ubavuni, jaza hadi shingoni. Chupa ya kioo isiyotengenezewa soda usiiguse, yaweza kupasuka. Barafu ya kutia kwenye glasi isuuze kwanza kwa maji. Uso wake mkavu wenye mikwaruzo ndio unaoleta povu lote lile.