Barua kwa mwanangu: kuhusu simu ya Zuhura

Mwanangu Rehema,

Barua yako nimeisoma. Baba yako anakusalimu, goti limetulia.

Umeniuliza kama umwekee Zuhura programu ya kumfuatilia kwenye simu bila yeye kujua. Unasema ametimiza miaka 14, amekuwa msiri, na mwenzako kazini amekuhakikishia kwamba wazazi wa siku hizi wote ndivyo wanavyofanya. Ukamalizia: "Mama, umefundisha saikolojia chuoni miaka yote ile, wataalamu wanasemaje?"

Kwa hili wataalamu wana la kusema. Kwa muda mrefu watafiti walikuwa wakiuliza: mzazi, unajua mwanao jioni yuko wapi, anashinda na nani, hela anatumiaje? Ikaonekana kwamba wazazi wanaojua mengi, watoto wao hawana matata mengi. Basi ikachukuliwa kuwa wazazi hao ndio wanaochunga vizuri. Mpaka wakatokea Håkan Stattin na Margaret Kerr wa Chuo Kikuu cha Örebro, Sweden, wakauliza: na huyo mzazi anayejua, amejulia wapi?

Waliwahoji vijana 703 wa umri huohuo wa Zuhura pamoja na wazazi wao, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Walizipima njia tatu mbalimbali: mtoto kusimulia mwenyewe bila kuulizwa; mzazi kuulizauliza, kwa mtoto na kwa rafiki zake; na mzazi kuweka masharti, yaani hutoki hapa mpaka useme unakwenda wapi na nani. Sehemu kubwa ya waliyoyajua wazazi ilitoka kwenye ile ya kwanza. Kumbe kilichokuwa kikiitwa uchungaji wa mzazi kilikuwa zaidi ni mdomo wa mtoto! Na vijana waliojiona wanabanwa, mambo yao hayakuwa mazuri.

Wapo waliowapinga, na hoja wanayo. Mtoto hasimulii tu hivihivi. Anasimulia kwa sababu nyumbani kwao amezoea kusikilizwa, na hiyo nayo ni kazi ya mzazi. Tena kuna mitaa ambayo masharti hayakwepeki. Hapo kwenu binti kuwa nje usiku si jambo la kuachia hivihivi, utafiti wa Sweden au wa wapi.

Ila masharti ya wazi ni kitu kimoja na upelelezi ni kingine. Judith Smetana wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, amechunguza ugomvi wa wazazi na vijana wao, akakuta mwingi ni wa vitu vidogo: chumba hakijafagiliwa, nywele, nguo. Mzazi anaona utaratibu wa nyumba umevunjwa, kijana anaona ameingiliwa mambo yake. Lakini vijana haohao, likija suala la usalama wao, wengi wanakubali kwamba mzazi ana haki ya kuamua. Kwa hiyo Zuhura ukimwambia saa ya kurudi atanuna, lakini sidhani kama atakuona umemwonea. Akigundua unasoma anachoandikiana na wenzake, hapo hatanuna. Ataazima simu ya rafiki yake, na wewe hutajua kitu.

Alipokuja likizo ya Juni, mezani ilikuwa "shikamoo bibi" na "nimeshiba", basi. Siku moja mimi nakuna nazi, yeye kanipa mgongo anachambua mchele kwenye ungo, mara akaanza: "Bibi, eti mtu akikutoa kwenye grupu bila sababu, unamwuliza au unakaa kimya?" Niliendelea kukuna. Ningesimamisha mkono tu angeniambia "basi, hamna". Akasimulia mpaka mchele ukaisha, akaurudia tena mchele uleule. Alichoniambia sikwambii. Si cha kutisha, na kingekuwa cha kutisha ungekuwa umeshanisikia kwenye simu usiku uleule.

Hiyo programu iache. Mwambie kinagaubaga: magharibi uwe umefika, ukichelewa piga, nikuulize uko kwa nani unijibu. Magrupu yake mwachie. Na ukitoka kazini usimpokee na "shule vipi?", maana jibu lake ni "poa" na mazungumzo yamekwisha. Mwite jikoni akusaidie kuchambua mchicha, usimtazame sana.

Nauli yake ya Desemba nitatuma mimi. Mkatie tiketi mapema, mabasi ya Tanga mwezi huo yanajaa.

Mama yako